Kwetu Kuna Presha, Kisukari na Figo: Nianzie Wapi?

"Baba alikufa kwa figo, je, na mimi nitaugua?" "Mama ana sukari na presha, mimi nina miaka 27 na sijisikii chochote, nipime nini?" "Nikifika hospitali niseme naumwa nini wakati siumwi?" Maswali haya matatu nimeyajibu kwenye simu, kwenye misiba na kwenye foleni za zahanati, mpaka nimeona heri niyaandike mahali pamoja.

Mimi si daktari. Ni mtoto wa mgonjwa wa figo. Baba alisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila anapolala pale kitandani. Siku ya kwanza daktari alimuuliza: kwenye ukoo wenu kuna mwenye kisukari, presha au figo? Baba akajibu hakuna, na mimi niliyekaa pembeni nikatikisa kichwa kuunga mkono. Siku ya arobaini yake, shangazi akiwa anachambua mchele, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hata babu, pale alipokuwa akikojoa nyuma ya nyumba, sisimizi walikuwa hawaishi. Sisimizi walifuata sukari kwenye mkojo, yaani kisukari kilikuwa kwetu tangu zamani. Habari ilikuwepo nyumbani miaka yote, ila hakuna aliyeipa jina la ugonjwa, na kwa hiyo hakuna aliyeipeleka hospitali.

Jibu fupi la swali la kwanza: si lazima uugue. Unachorithi ni uwezekano mkubwa kuliko wa mwenzako, na mara nyingi unarithi pia jiko lilelile na mkono uleule wa chumvi. Kisukari na presha ndivyo vinavyoongoza duniani kwa kuua figo. Nazo figo hazilalamiki. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya figo zake bila kuumwa popote. Ukingoja kuvimba miguu ndipo upime, umechelewa sana.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari gumu, lile la kaunta, na kalamu. Usitegemee simu peke yake. Simu huibiwa, na simu haipitishwi mkono kwa mkono sebuleni.
- Uzi au kamba isiyovutika, ndefu kukuzidi kimo.
- Mashine ya presha ya kidijitali yenye mkanda wa kufunga mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono hukosea kirahisi. Kama bei ni kubwa, nunueni moja ndugu watano. Kama haiwezekani kabisa, utapimiwa zahanati.
- Wazee wawili wa kuwauliza, mmoja upande wa baba na mmoja upande wa mama.
- Asubuhi moja ambayo utakuwa hujala kitu.
- Nauli na pesa ya vipimo. Kama una bima, uliza mapema inalipia vipimo gani, usiulizie dirishani.

Hatua ya 1: Mtafute mtunza habari wa ukoo

Kila ukoo una mtu anayejua nani alikufa lini, aliuguzwa na nani na alilala kitanda gani. Mara nyingi siye yule anayesimama kusoma wasifu wa marehemu. Ni bibi, shangazi au mama mdogo, aliyemwogesha mgonjwa na kufua mashuka. Huyo ndiye wa kumwendea.

Mwendee nyumbani kwake, mkiwa wawili, mchana wenye nafasi. Usimuulize siku ya mazishi, wala mbele ya wakwe. Wapo wazee wanaoficha ugonjwa wa marehemu kwa hofu kwamba watu watasema ni UKIMWI au amerogwa, na ukimuuliza mbele za watu atakujibu "homa tu" na mlango utakuwa umefungwa.

Usianze na "babu alikufa kwa ugonjwa gani?" Anza hivi:

"Shikamoo shangazi."
"Marahaba mwanangu."
"Shangazi, nataka kuwaandika wazee wetu wasipotee. Babu alianzaje kuumwa?"

Neno "alianzaje" ndilo lenye kazi. Jina la ugonjwa wengi hawakuambiwa, lakini jinsi ulivyoanza wanaikumbuka kama jana.

Hatua ya 2: Hakikisha ni damu

Hapa ndipo wengi wanakosea, na kosa linatokana na uzuri wa lugha yetu. Baba mkubwa ni baba. Mtoto wa mama mdogo ni dada. Jirani aliyekulea ni bibi. Kwa mapenzi hivyo ni sawa kabisa, ila daktari anataka damu. Kwa kila jina uliza: ni baba aliyekuzaa, au ndugu yake? Ni ndugu wa tumbo moja, wa baba mmoja, au wa kulelewa pamoja? Mume wa shangazi akiwa na kisukari anastahili pole zako, lakini haingii kwenye hesabu yako ya kurithi. Watoto wake wanaingia upande wake.

Walio karibu zaidi ni wazazi waliokuzaa, ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako. Kisha wanafuata babu, bibi, wajomba, shangazi, baba wakubwa na wadogo, mama wakubwa na wadogo.

Hatua ya 3: Fasiri maneno ya wazee

Utakachopewa si "ugonjwa sugu wa figo". Utapewa picha. Kazi yako ni kuisoma picha hiyo kwa uangalifu, na kuandika "inaelekea" pale usipokuwa na uhakika.

- "Sisimizi walijaa chooni", "alikuwa anakunywa maji mtungi mzima", "alikonda huku anakula", "kidonda kilikataa kupona wakamkata mguu", "macho yalikufa uzeeni": fikiria kisukari.
- "Alianguka ghafla bafuni", "mdomo ulienda upande", "alipooza mkono na mguu wa upande mmoja", "kichwa kilimpasuka": fikiria kiharusi, na nyuma ya kiharusi mara nyingi ipo presha.
- "Alijaa maji", "uso ulivimba asubuhi", "mkojo ulikuwa na povu", "mwishoni alikuwa hakojoi", "alitapika na kuwashwa mwili, pumzi ikinuka mkojo", "aliishiwa damu kila mara": fikiria figo. Moyo na ini navyo hujaza maji, kwa hiyo andika "figo au moyo" ukishindwa kutenganisha.
- "Alipata degedege akijifungua", "miguu ilivimba mimba zote", "watoto wake walizaliwa wakubwa kupita kiasi": fikiria kifafa cha mimba au sukari ya mimba. Mambo haya wanaume wa ukoo hawayajui kabisa. Waulize wanawake. Mama aliyepata kifafa cha mimba au sukari ya mimba yuko kwenye hatari zaidi ya presha na kisukari miaka ya mbele, na binti zake wanapaswa kuijua habari hiyo kabla ya kubeba mimba.
- "Alirogwa", "alitupiwa kitu": usibishane naye. Uliza: kabla ya hapo alikuwaje? Mwili wake ulikuwaje? Utapewa picha nyingine humohumo.

Swali moja la nyongeza ambalo wengi hawalijui: kuna yeyote aliyeugua figo akiwa kijana na masikio nayo yakawa mazito? Upo ugonjwa wa figo wa kurithi unaokwenda pamoja na uziwi. Na uliza kama kuna aliyeambiwa figo zake zina vifuko vingi vya maji. Ugonjwa wa namna hiyo, ule wa watu wazima, mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuurithi.

Hatua ya 4: Andika ukurasa mmoja kwa kila mtu

Andika uhusiano, mwaka au umri wa kuanza kuumwa, dalili, alivyoisha au anavyoendelea, na nani kakusimulia. Mfano kutoka daftari letu:

"Babu mzaa baba. Alikufa akiwa na kama miaka 60. Sisimizi, kiu, kidonda cha mguu wa kushoto, akakatwa. Inaelekea kisukari. Kasimulia shangazi."

Wazee wengi hawana tarehe. Usiwabane kwa miaka, wabane kwa matukio. Alikuwa mzima wakati wa vita vya Kagera, 1978? Alikuwa ameshaanza kuumwa MV Bukoba ilipozama, 1996? Mvua za El Niño za 1997 zilimkuta wapi? Utashangaa umri unavyopatikana.

Ukimaliza, weka nyota kwa watu wa aina tatu: aliye karibu nawe zaidi kwa damu, aliyeanza kuumwa kabla ya miaka 50, na aliyekufa figo bila ya kuwa na presha wala kisukari kabla. Huyo wa tatu ndiye anayeashiria ugonjwa wa figo wenyewe wa kurithi, na daktari atataka kusikia habari zake kwanza.

Hatua ya 5: Kamba

Simama peku ukutani, mtu akupime kimo kwa kamba kutoka unyayo hadi utosini. Kata hapo. Ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni usawa wa juu kidogo ya kitovu, ukiwa umetoa pumzi kawaida. Ncha zikikutana bila kubana, kiuno chako kiko ndani ya nusu ya kimo chako, ni vizuri. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi, na kwa mtu mwenye kisukari kwenye ukoo hilo ni jambo la kulifanyia kazi hata kama mizani inasema uko sawa. Usivute tumbo ndani. Kamba ni yako mwenyewe.

Hatua ya 6: Presha, siku saba

Kipimo kimoja cha haraka, umetoka kupanda ngazi za hospitali, hakikwambii lolote la maana. Fanya hivi:

Kojoa kwanza. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute sigara, usifanye kazi nzito. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, miguu yote miwili chini, usikunje nne. Toa mkono nje ya shati. Shati lililokunjwa juu linakaba mkono kama mkanda wa pili. Mkono ulale mezani, weka khanga iliyokunjwa chini ya kiwiko mpaka mkanda uwe usawa wa moyo. Nyamaza. Usimjibu mtoto anayekuita, usipokee simu. Pima, ngoja dakika moja, pima tena, andika zote mbili.

Rudia asubuhi na jioni kwa siku saba. Namba za siku ya kwanza ziache, maana siku hiyo kila mtu ana wasiwasi. Zilizobaki ni 24. Jumlisha namba za juu ugawe kwa 24, namba za chini vilevile. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi ni presha ya juu ya kupelekwa kwa daktari. Vya kliniki mpaka wake ni 140 kwa 90.

Angalizo: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo. Soma kwenye mkanda umeandikwa unafaa mkono wa mzunguko wa sentimita ngapi, na upime mkono wako kwa kamba ileile.

Hatari ya papo hapo: ukiona 180 kwa 120 au zaidi, tulia dakika tano upime tena. Ikibaki hapo na una maumivu ya kifua, pumzi inabana, upande mmoja umelegea, ulimi mzito, macho yanafifia au kichwa kinauma kuliko kawaida yako, nenda hospitali sasa hivi, usiku ni usiku. Kama huna dalili hizo, muone mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Usimeze vidonge vya presha vya mama.

Hatua ya 7: Sukari

Kaa bila kula kwa muda wa saa nane angalau, maji matupu ruksa. Pimwa asubuhi. Kwa kipimo cha milimoli, chini ya 6.1 ni kawaida, 6.1 hadi 6.9 uko katikati, yaani kisukari kinabisha hodi; 7.0 na kuendelea ni kiwango cha kisukari, na kama huna dalili kinathibitishwa kwa kurudia siku nyingine. Ukipimwa bila kufunga, 11.1 na kuendelea pamoja na kiu, mkojo mwingi na kukonda, inatosha.

Mashine nyingine huandika miligramu. Ukiona 126 usizimie. Gawa kwa 18, utapata 7.0.

Tone la damu ya kidoleni ni la kuchungulia tu. Likitoka juu, omba kipimo cha maabara, damu ya mshipani. Kuna pia kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, ambacho hakihitaji kufunga, 6.5 kwa mia au zaidi ni kisukari. Lakini kama una selimundu au upungufu mkubwa wa damu, mwambie anayekupima, kwa sababu kipimo hicho kinaweza kudanganya.

Hatua ya 8: Figo, mkojo na damu kwa pamoja

Watu wengi wakisema "nimepima figo niko sawa" wamepima damu peke yake. Haitoshi. Figo zinaweza kuvujisha protini kwenye mkojo miaka kadhaa kabla damu haijaonyesha chochote.

Mkojo: beba wa asubuhi, wa kwanza kabisa. Usipime ukiwa na homa, kwenye hedhi, au umetoka kucheza mpira jana yake. Zahanati wana kijiti cha kuchovya kinachobadilika rangi. Pakiwa na uwezo, omba uwiano wa albumini (aina ya protini) kwa kreatini (creatinine, taka ya mwili inayochujwa na figo), ambao unaona hata uvujaji mdogo usioonekana kwa kijiti. Chini ya miligramu 3 kwa milimoli, au chini ya miligramu 30 kwa gramu, ni vizuri.

Damu: kipimo chake kinaitwa kreatini. Usiku wa kuamkia kipimo usile nyama choma, maana nyama nyingi hupandisha namba. Nacho huandikwa kwa namna mbili: 1.0 ya maabara moja na 88 ya maabara nyingine ni kitu kilekile. Nimemwona mtu akilia kwa sababu "kreatini imepanda kutoka 1 hadi 88" kumbe alibadilisha maabara tu. Omba wakukokotolee kasi ya figo kuchuja, kwenye karatasi huandikwa eGFR. Inatumia kreatini, umri na jinsia. Ikiwa chini ya 60 na ikabaki hapo miezi mitatu, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Kati ya 60 na 89 na mkojo safi, kwa kawaida si ugonjwa. Bibi mwembamba wa miaka 70 anaweza kuwa na kreatini "ya kawaida" huku kasi ya figo zake imeshuka sana, ndiyo maana namba hii ni muhimu kuliko kreatini yenyewe.

Kama kwenye daftari kuna vifuko vya maji, au kijana aliyekufa figo bila sababu, ongeza altrasaundi ya figo.

Upimaji wa bure hupatikana zaidi kwenye siku zake: Siku ya Figo Duniani, Alhamisi ya pili ya Machi, na Siku ya Kisukari, Novemba 14. Fuatilia matangazo ya hospitali ya mkoa wako wiki hizo.

Hatua ya 9: Peleka daftari kwa daktari

Swali la "niseme naumwa nini" linajibika hivi: "Daktari, siumwi. Baba alisafishwa damu, babu alikuwa na kisukari, nimeandika. Hizi ni presha zangu za wiki na majibu ya mkojo. Naomba uniambie nirudie lini, na nipunguze nini." Sentensi nne. Mpe daftari mkononi, usimsimulie.

Ukikutwa na tatizo, uliza kama dawa ya presha utakayopewa inalinda na figo. Zipo zenye kazi zote mbili, kama losatani na enalaprili, na hupendelewa pale mkojo unapovujisha protini. Mwanamke anayetarajia kubeba mimba aseme mapema, kwa sababu dawa hizo humdhuru mtoto tumboni.

Hatua ya 10: Jiko na kabati la dawa

Chumvi: mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na humo ndani hesabu dagaa wa chumvi, mkate, karanga za pakiti na vile vidonge vya kukolezea mchuzi. Namna ya kujipima ni rahisi. Andika tarehe juu ya pakiti ya nusu kilo siku mnayoifungua. Nyumba ya watu wazima watano, hata pasingekuwa na chumvi kwingine kokote, isingetakiwa kuimaliza kabla ya siku 20. Sisi ya kwanza iliisha siku ya 9. Mama hakuamini, akafungua ya pili na kuandika mwenyewe. Kichupa cha chumvi mezani kiliondoka jioni ile.

Sukari: soda ya kawaida ya mililita 350 ina karibu vijiko 9 vya chai vya sukari. Anza na hiyo na chai, kabla hujahangaika na unga wa ajabu unaouzwa kwa bei ya mbuzi. Sahani yako, nusu iwe mboga za majani na kachumbari, robo ugali au wali, robo maharage, samaki au nyama. Tembea kwa kasi nusu saa, siku tano za wiki. Sigara na ugoro, acha.

Dawa za maumivu: hapa naomba unisikilize. Diklofenaki, ibuprofeni na indometasini zinanunuliwa dukani kama pipi, kwa mgongo, kwa goti, kwa hedhi. Zikitumika mfululizo huumiza figo na kupandisha presha. Baba alizimeza kila siku kwa miaka kwa ajili ya goti, na hakuna kati yetu aliyejua. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, na maumivu yakizidi wiki kapimwe.

Dawa za mitishamba zisizojulikana kilichomo, hasa zinazouzwa kwa jina la "kusafisha figo", achana nazo. Baadhi ya mimea imethibitika kuharibu figo moja kwa moja. Figo hazihitaji kusafishwa na chupa, ndizo zinazosafisha.

Hatua ya 11: Andika tarehe ya kurudia

Namba zikiwa nzuri, pima presha, sukari na mkojo kila mwaka. Chagua tarehe usiyosahau, kama siku yako ya kuzaliwa. Ukiwa tayari na presha au kisukari, mkojo na kreatini angalau mara moja kwa mwaka, au zaidi kama daktari atakavyosema.

Mambo yakikwama

*Wazee wamekataa kusema.* Usilazimishe. Rudi na swali la mtu mwingine: "Na yule ndugu yake babu, alikuwaje?" Mara nyingi huzungumzia wa pembeni kwanza, halafu wa karibu anajitokeza mwenyewe.

*Simjui baba yangu.* Andika "haijulikani". Usiandike "hakuna". Tofauti ni kubwa kwa daktari. Pima vyote kama mwenye historia.

*Mashine inatoa namba tofauti kila mara.* Namba hupanda na kushuka kidogo, ni kawaida. Zikiruka sana, angalia betri, angalia mkanda, kisha nenda nayo zahanati uilinganishe na yao. Mkono wa kulia na wa kushoto ukitofautiana kwa zaidi ya 15 kila mara, mwambie daktari, na utumie ule wenye namba kubwa.

*Zahanati hawapimi kreatini.* Wakupime mkojo na presha hapo, kisha waombe rufaa ya kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya.

*Mkojo umeonyesha protini kidogo.* Kabla ya kuhuzunika rudia baada ya wiki moja au mbili. Homa, mazoezi na maambukizi ya njia ya mkojo huleta hivyo. Ikiendelea kwa miezi mitatu ndipo ni jambo la kudumu.

*Presha imeshuka baada ya dawa, niache?* Imeshuka kwa sababu ya dawa. Usiache wala usipunguze bila ya daktari.

*Ndugu anahitaji figo, nimpe?* Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, 2018, kwa hiyo swali hili sasa linaulizwa hapahapa nyumbani. Mtoaji mwenye kisukari, au mwenye presha isiyodhibitika, kwa kawaida hukataliwa ili asije akaumia naye. Daftari lako litamrahisishia daktari kujua ni nani wa kuanza kumpima.

*Nimekutwa na tatizo, naona aibu kuwaambia nyumbani.* Waambie wa tumbo moja kwanza, wiki hiyohiyo, kwa namba: "Yangu imetoka 148 kwa 94, pimeni." Mdogo wangu aligundulika hivyo akiwa na miaka 31, presha tu, mkojo bado safi. Mashine ya ukoo iko kwake tangu Jumapili. Ijumaa inakwenda kwa shangazi.